Jinsi ya Kuandaa Safari ya Wikendi ya Magari ya Spoti Kutoka Mombasa

Mwandalizi wa safari ya magari ya spoti anapaswa kupanga kila jambo, tangu njia hadi mahali pa kulala, kwa kipimo cha gari lililo chini zaidi na dereva mwenye uzoefu mdogo zaidi katika kundi. Nimewahi kusimama juani pamoja na wenzangu, magari manane kwa jumla, mbele ya lango la hoteli moja ya ufuoni kwa karibu saa nzima, kwa kuwa mtaro uliokatiza langoni ulikuwa na ukingo mkali ambao Subaru ziliuvuka bila shida, ilhali Mazda MX-5 mbili hazikuweza kuupita bila kukwaruza bampa. Hakuna miongoni mwetu aliyekuwa amekwenda kulitazama lango lile, na picha tulizotumiwa zilionyesha bwawa la kuogelea na minazi peke yake. Tangu siku hiyo sikubali kulipia vyumba kabla mtu mmoja wetu hajafika mahali penyewe akiwa na gari la chini.

Anza na idadi ya magari na tarehe. Magari manane hadi kumi na mawili yanatosha. Yakizidi hapo, kila kituo cha mafuta na kila meza ya chakula hugeuka kuwa foleni. Kuhusu tarehe, epuka masika, yaani kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, kwa sababu matairi mapana ya magari haya huelea juu ya maji upesi kuliko matairi membamba, na mashimo yaliyojaa maji hayaonekani kina chake. Miezi ya Juni hadi Septemba, kusi inapovuma na joto kupungua, ndiyo bora kwa injini na kwa abiria. Usiweke safari wakati wa Pasaka au wiki za Krismasi, kwani barabara hufurika wasafiri, wala usiiweke ndani ya Ramadhani ikiwa katika kundi kuna waliofunga, na kwa Mombasa hao hawakosekani.

Njia zinazotoka Mombasa ni tatu, na kila moja ina tabia yake. Njia ya kusini, ya Diani na Shimoni, ndiyo fupi, lakini inakuhitaji uchague kati ya feri ya Likoni na barabara ya Dongo Kundu, ambayo hutoka Miritini na kuvuka Mwache na Mteza hadi kuungana na barabara ya Lunga Lunga. Chagua Dongo Kundu bila kusita. Maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, mteremko wa kuingilia ferini huwa mkali, na gari la chini linaweza kugusa mbele linaposhuka na kugusa tumbo linapopanda, huku umati wa waenda kwa miguu ukiwa umelizunguka pande zote. Njia ya kaskazini, kupitia Mtwapa, mashamba ya mkonge ya Vipingo, daraja la Kilifi na msitu wa Arabuko-Sokoke hadi Watamu au Malindi, ina mandhari mazuri na umbali wa takriban kilomita 120 tu kufika Malindi. Kasoro yake ni matuta na pilikapilika za tuktuk na bodaboda katika kila kituo cha biashara, kiasi kwamba dereva hutumia gia ya pili kuliko gia nyingine yoyote.

Mimi hupendekeza njia ya magharibi. Ni takriban kilomita 150 hadi Voi, kisha unaiacha barabara ya Nairobi na kushika ile ya Taveta hadi Mwatate, na hapo unapinda kupanda Milima ya Taita hadi Wundanyi. Kipande cha Mwatate hadi Wundanyi ni kifupi, lakini kina kona ambazo pwani nzima huzipati, na hewa hubadilika kutoka joto la nyika hadi ubaridi wa kuvalia sweta, kukiwa na ukungu asubuhi na kilele cha Vuria, chenye urefu wa mita 2,208, kikiwa juu yako. Gari lililoundwa kwa ajili ya kona hufurahisha zaidi hapo kwa kilomita 40 kwa saa kuliko kwenye barabara iliyonyooka kwa kasi mara mbili ya hiyo.

Ukishachagua njia, ipeleleze wiki mbili kabla ya safari, mkiwa wawili, mmoja akiendesha na mwingine akiandika. Andika matuta yasiyopakwa rangi, sehemu zenye matengenezo, vituo vyenye mafuta ya oktani ya juu ambayo injini nyingi za turbo huyahitaji, na maegesho yanayoweza kupokea magari yote kwa pamoja. Hotelini, muombe meneja akuonyeshe mahali ambapo magari yatalala, kisha uliza kama kuna mlinzi usiku kucha na kama njia ya ndani ni lami, kokoto au mchanga. Beba mbao mbili, kila moja na urefu wa mita moja hivi. Ukiziweka chini ya matairi ya mbele kwenye ukingo mkali, gari hupanda kwa pembe nafuu, na tatizo lililotusimamisha sisi saa nzima lingekwisha kwa dakika tano.

Wiki ya safari, kila mmiliki apeleke gari kwa fundi wake, na wewe mwandalizi uombe jibu la mambo machache bila haya. Umri wa matairi usomwe ubavuni, ambako tarakimu nne huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa sababu magari ya spoti mengi hukaa muda mrefu bila kutembea, na tairi lenye kashata nzuri, yaani michoro ya kushika barabara, linaweza kuwa limekwisha kukauka na kupasuka ndani. Mafuta ya breki yawe yamebadilishwa katika miaka miwili iliyopita: mafuta haya hunyonya unyevu hewani, na unyevu wa pwani hauna mfano, kisha yakipata joto kali kwenye mteremko wa kutoka Wundanyi, maji yaliyomo huchemka na kanyagio hushuka hadi sakafuni. Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla ya gari kutembea, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango. Muulize pia kila mmoja kama ana tairi la akiba, kwa kuwa magari kama MX-5 ya kizazi cha sasa hayana, bali huja na dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo, ambavyo havifai kitu tairi likichanika ubavuni.

Fedha zisimamiwe na mtu mmoja ambaye si kiongozi wa safari, zikusanywe kwa M-Pesa kabla ya tarehe iliyotajwa, na hesabu zionekane na wote. Kila dereva awe na leseni halali na bima hai, na asome mwenyewe sera yake ya bima. Sera nyingi huondoa waziwazi fidia ya hasara inayotokea katika mashindano au majaribio ya kasi, na kwa hiyo tangazo la safari yenu lisiwe na neno lolote kuhusu kushindana, wala pasiwe na mtu anayepima muda wa kutoka mahali hadi mahali. Hili si suala la maneno tu. Sheria za Kenya zinaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mijini na katika vituo vya biashara, na hakuna barabara ya umma ambako gari dogo linaruhusiwa kuzidi 110. Hata Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na ambayo kwa miongo mingi ilifanyika katika barabara zilizo wazi kwa wote, iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 ilirudi kwa hatua, yaani vipande vya barabara, zilizofungwa kwa magari mengine. Ikiwa madereva wa kiwango kile hufungiwa barabara, sisi hatuna udhuru wa kukimbizana mbele ya watoto wanaovuka kwenda shule.

Asubuhi ya Jumamosi, kutaneni mapema upande wa bara, kwa mfano maeneo ya Miritini, matangi yakiwa yamejazwa tangu Ijumaa jioni. Mpate chai, mahamri na mbaazi, kisha kiongozi azungumze dakika kumi, si zaidi, na asihame hadi kila dereva amerudia kwa mdomo wake mahali pa kusimama mara ya kwanza.

Namna magari yanavyofuatana barabarani ndiyo kiini cha kazi yote. Kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, gari husafiri karibu mita 28 kila sekunde, na umbali salama wa sekunde mbili ni kama mita 56. Basi magari kumi yakifuatana kwa usalama hutanda zaidi ya nusu kilomita. Msururu wa namna hiyo hauwezi kulipita trela moja kwa pamoja, na barabara ya kutoka bandarini imejaa matrela mchana na usiku. Dereva wa nne au wa tano, akiwaona wenzake wanapotea mbele, hushawishika kupita mahali ambapo peke yake asingepita. Kwa sababu hiyo ligawe kundi katika vikosi vya magari matatu au manne, kila kikosi kiondoke dakika kumi baada ya kile cha mbele, na kila kimoja kiwe na kiongozi na mfunga msafara ambao ni madereva watulivu. Dereva mgeni akae mara tu nyuma ya kiongozi, asiwekwe mwisho ambako atalazimika kukimbiza. Kanuni ya njia panda ni moja: kila dereva ana dhamana ya gari lililo nyuma yake, na akifika mahali pa kupinda bila kuliona, husimama pembeni pasipo hatari hadi litokee. Kanuni hii ikifuatwa, hakuna anayepotea hata simu zikikosa mtandao. Simu yenyewe ishikwe na abiria, kamwe isishikwe na dereva.

Kituo cha kwanza kizuri ni Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali, ambapo wasafiri wa dini zote wamezoea kusimama. Tulieni, mvae kwa heshima, na msiache injini zikinguruma nje ya mahali pa ibada. Kuanzia hapo hadi Voi mnakaribia nchi ya Tsavo, ambako ndovu huvuka barabara, na ndiyo sababu ratiba nzima ipangwe ili pasiwe na gari njiani baada ya magharibi. Mkipanda Wundanyi, piga honi fupi kwenye kona zisizoonekana mbele, na mkishuka tumieni gia ya chini ili injini izuie gari, badala ya kukanyaga breki mfululizo.

Gari likiharibika, kikosi chake pekee ndicho kinachosimama, nje kabisa ya lami, vibao vya pembetatu vikiwekwa mbali nyuma. Namba ya mwenye lori la kubeba magari iwe imetafutwa kabla, Mombasa na Voi, na asisitiziwe kwamba gari litabebwa zima juu ya lori, kwa sababu gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne likivutwa huku mawili yakizunguka chini, mfumo wake wa kugawa nguvu unaweza kuungua. Ndoana ya kuvutia gari, ambayo hufungwa kwa kuzungushwa kwenye bampa, kila mmoja aijue ilipo.

Jumapili muondoke baada ya chai ya asubuhi, msisubiri chakula cha mchana, kwani kila saa mnayochelewa mnaikuta foleni ya kuingia Mombasa ikirefuka. Mfunga msafara wa kikosi cha mwisho asiende kwake hadi kila dereva amemtumia ujumbe kwamba amefika nyumbani. Kesho yake magari yaoshwe hadi chini ya mwili, kwa sababu vumbi la Taita likichanganyika na chumvi ya pwani huleta kutu haraka, na mweka hazina arudishe salio kwa kila mtu kabla ya Ijumaa.