Ulinyimwa viza ya masomo? Usiifiche ukiomba ukaazi wa kudumu Kanada

"Hiyo ilishapita, weka Hapana." Ndivyo wakala mmoja wa ghorofani, Moi Avenue, Nairobi, alivyoniambia tulipofika kwenye swali la fomu la kama nimewahi kunyimwa viza. Nilikuwa nimenyimwa. Nikaweka Ndiyo, akanuna.

Swali hilo linauliza kuhusu Kanada au nchi nyingine yoyote, kwa hiyo hata ile viza ya Uingereza uliyokosa ukienda harusi ya binamu imo. Kunyimwa peke yake hakukuzuii kupata ukaazi. Kudanganya ndiko kunakokumaliza: kifungu cha 40 cha sheria yao ya uhamiaji kinakupiga marufuku miaka 5, na katika muda huo huruhusiwi hata kuomba ukaazi wa kudumu. Wakala akijaza uongo, mwenye kesi ni wewe. Hivyo hivyo kwa taarifa ya benki ya kughushi, na Nairobi tunajua zinavyotengenezwa. Usitegemee kwamba hawataona. Kanada hubadilishana taarifa na Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand, alama za vidole zikiwemo.

Jambo la pili ni saa za kazi. Tangu Novemba 2024, mwanafunzi wa kigeni Kanada anaruhusiwa kufanya kazi saa 24 kwa wiki nje ya chuo wakati wa masomo. Kabla ya hapo kikomo cha kawaida kilikuwa 20. Bosi akikuongezea zamu kupita kikomo na kukulipa mkononi, umevunja masharti ya kibali. Kinachoniuma ni kwamba kazi uliyofanya ukiwa mwanafunzi wa kutwa, hata ya halali, haihesabiwi kama uzoefu katika ule mpango wa ukaazi wa waliofanya kazi Kanada (Canadian Experience Class). Unahatarisha ukaazi kwa saa zisizokuongezea kitu.

Hadhi yako, yaani ruhusa ya kukaa Kanada, ikiisha, una siku 90 za kuomba irejeshwe, na huku ukingoja husomi wala hufanyi kazi. Ukiacha muhula kwa ugonjwa, weka barua ya daktari na ya chuo. Ukiandikiwa na uhamiaji barua ya kutaka maelezo, jibu ndani ya muda uliotajwa humo, na vielelezo.

Tarehe za kujaza kwenye fomu, kama ile ya kunyimwa viza, usizitoe kichwani. Mimi nilimpigia mama simu mtaani Umoja, akatoa bahasha ya kaki chini ya godoro na kunipigia picha barua ya zamani, ukurasa kwa ukurasa. Nilikuwa nimekosea kwa miezi mitatu.