Jinsi ya kuomba halmashauri irekebishe mtaro wa barabara kijijini

Barua nyingi za malalamiko huandikwa "maji yanajaa mbele ya nyumba yangu", basi. Mhandisi akisoma hivyo hana pa kuanzia, maana hitilafu mara nyingi haipo pale maji yanapojaa. Iko chini zaidi, pengine mita mia mbili mbele, kwenye kalvati (bomba la kupitisha maji chini ya barabara) ambalo hakuna aliyelichungulia. Ombi linalofanyiwa kazi ni lile linaloonyesha maji yanakwama wapi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inamalizika kabla hujashika kalamu.

1. Jua barabara ni ya nani

Barabara kuu inaweza kuwa chini ya wakala wa taifa, ya kijiji chini ya halmashauri, na kijia cha kuingilia shambani kikawa mali ya mtu. Uliza ofisi ya barabara jina au namba ya barabara na nani anaihudumia. Barua iliyoenda ofisi isiyohusika huzunguka wiki kadhaa, au hulala humo humo. Uliza pia kuhusu makalvati ya njia za kuingilia majumbani: sehemu nyingi, mwenye nyumba ndiye anayewajibika kuyazibua, hata kama yako ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara.

2. Tembea mtaro mzima

Nenda mvua ikinyesha au muda mfupi baada ya kukatika, ila usiingie kwenye maji yaendayo kasi wala usisogelee mdomo wa kalvati linalovuta maji. Anzia chini, kule yanakotakiwa kutokea, kisha panda. Ukianzia juu utaona dimbwi na kudhani umemaliza.

Angalia mambo haya:

- Kalvati: maji yakishapungua, mulika tochi upande mmoja, mwenzako achungulie upande wa pili. Pima kina cha tope. Bomba la kipenyo cha sentimita 60 lenye tope la sentimita 30 limebakiwa na nusu tu ya nafasi yake.
- Mteremko: chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ujaze maji bila kuacha mapovu, uufunge kwenye fimbo mbili zilizosimama kwenye sakafu ya mtaro, mita 10 kati yake. Kila upande, pima kutoka sakafuni hadi usawa wa maji. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mteremko. Ikiwa chini ya sentimita 5 hivi, yaani asilimia 0.5, mchanga utatuama hata mtaro ukizibuliwa kila mwaka.
- Bega la barabara: nyasi na udongo vikijilimbikiza pembeni hufanya kingo. Maji hubaki barabarani, mtaro uko pembeni mkavu. Hapo kuzibua mtaro hakusaidii kitu. Kinachotakiwa ni kukwangua bega na kurudisha mgongo wa barabara, yaani mwinuko wa katikati unaomwaga maji pembeni. Hili hukosewa sana, hata na mafundi.
- Mwisho wa mtaro: maji yanatokea wapi? Mtaro usio na pa kutolea maji ni bwawa refu tu.

3. Kusanya ushahidi

Kila sehemu piga picha mbili, moja ya mbali yenye alama isiyohama (nguzo, mti mkubwa, daraja) na moja ya karibu yenye rula au fimbo yenye vipimo. Rudia pale pale wakati wa ukavu. Andika tarehe, saa, kina cha maji na saa zilizopita tangu mvua ikatike. Kumbukumbu za mvua tatu zinatosha kuonyesha kwamba hali hii hujirudia. Chukua pia viwianishi (namba za GPS za mahali) kwa simu, kwa sababu "karibu na mwembe" hakumfikishi mgeni.

4. Andika barua

Ukurasa mmoja. Kichwa kiwe mahususi:

*YAH: KUZIBA KWA KALVATI NA KUJAA KWA MTARO, BARABARA NAMBA …, UPANDE WA KUSHOTO KUELEKEA …*

Mwili ufuate hivi: *"Kalvati lililopo (viwianishi) limejaa tope kwa kina cha sentimita …. Kila mvua kubwa maji hurudi nyuma mita … na kufunika barabara kwa kina cha sentimita … kwa saa …. Ninaomba (a) kalvati na mtaro vizibuliwe; (b) mhandisi akague iwapo kalvati linatosha. Picha na vipimo nimeambatisha."*

Maombi hayo mawili yasichanganywe. Kuzibua ni matengenezo ya kawaida, huweza kufanywa ndani ya bajeti iliyopo. Kubadilisha kalvati ni mradi unaohitaji usanifu na fedha za mwaka ujao. Ukiomba "kalvati jipya" peke yake, hata kazi ndogo itasubiri foleni ya kubwa. Kama barabara imeanza kumeguka au gari la wagonjwa halipiti, hiyo ni dharura: piga simu siku hiyo hiyo, barua ifuate.

5. Wasilisha, kisha fuatilia

Peleka nakala mbili masjala, yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na uchukue namba ya kumbukumbu. Majirani wakitaka kuandika, wataje barabara na kalvati lile lile, la sivyo yatafunguliwa majalada matano ya tatizo moja.

Siku ya ukaguzi uwepo. Weka vigingi mahali maji yalipofika, na umpeleke mkaguzi hadi kule chini; wengi huishia kwenye dimbwi.

Wiki mbili zikipita kimya, andika tena ukitaja namba ya kumbukumbu, nakala kwa diwani. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. "Hakuna fedha" inajibika wakati wa kupanga bajeti. "Si barabara yetu" inakurudisha hatua ya kwanza. Tunza kila karatasi, kwani katika nchi kadhaa madai ya fidia huangalia kama mamlaka ilikuwa imearifiwa.

Usichimbe mwenyewe ndani ya hifadhi ya barabara bila kibali. Kuna nyaya na mabomba ya maji, na maji utakayoyaelekeza kwa jirani yatakuwa kesi yako.

Kazi ikifanyika, hakikisha tope lililotolewa limesombwa. Likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha mtaroni. Mvua hiyo ikinyesha, piga picha kwenye alama zile zile uzipeleke kwa namba ile ile ya kumbukumbu, kabla jalada halijafungwa.