Kabla Figo Haijahama: Namna ya Kumlinganisha Mtoaji na Mgonjwa Maabara

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikafuata mwaka 2018, mwanafunzi wa sayansi ya maabara nchini Tanzania ana sababu ya karibu ya kujifunza kupima kama kiungo cha mtu mmoja kitapokelewa na mwili wa mwingine. Mwongozo huu unahusu figo inayotolewa na ndugu aliye hai. Msingi wa kazi hii ni shahada ya sayansi za maabara, usajili wa taaluma, na kisha muda mrefu wa kufanya kazi chini ya mkono wa aliyetangulia. Uingereza, ambako jina la mwanasayansi wa kitabibu linalindwa na sheria, mafunzo hayo huchukua miaka 3 baada ya shahada.

Wengi huingia katika kazi hii wakidhani kwamba kinachotafutwa ni kufanana. Kufanana kuna faida yake, lakini swali linaloamua kama upasuaji utafanyika ni kama damu ya mgonjwa imekwisha kutengeneza kingamwili dhidi ya chembe za mtoaji. Mwaka 1969 watafiti Patel na Terasaki walichapisha matokeo ya upandikizaji wa figo 225: kati ya wagonjwa 30 ambao kipimo kilionyesha kingamwili hizo, figo 24 zilishindwa papo hapo, ilhali kati ya 195 ambao kipimo kilikuwa safi, zilizoshindwa hivyo zilikuwa 8. Kila hatua inayofuata hapa ipo kwa sababu ya tofauti hiyo.

Anza na historia kabla hujagusa tyubu yoyote. Kingamwili dhidi ya HLA, yaani alama za utambulisho zilizo juu ya chembe zetu, hutokana hasa na mambo matatu: mimba, kuongezewa damu, na kiungo kilichopandikizwa zamani. Mgonjwa akiwa mama, msalimie kwa heshima anayostahili, kaa naye faragha, kisha umuulize mimba alizobeba, pamoja na zile zilizoharibika, kwa kuwa mbele ya wakwe au watoto wake huenda asizitaje. Nimewahi kuona fomu iliyoandikwa “mimba 2” kwa mama ambaye, alipoulizwa peke yake, alizitaja 5. Tahadhari iwe kubwa zaidi pale mtoaji anapokuwa mume au mtoto wake, kwani mwili wake ulikwisha kukutana na alama hizo hizo tumboni. Hata kingamwili zikipungua kwa miaka hadi zisionekane kwenye kipimo, chembe zenye kumbukumbu hubaki na zinaweza kuamka baada ya upasuaji. Andika pia tarehe ya kila chupa ya damu aliyoongezewa, jambo la kawaida kwa wagonjwa wa kusafishwa damu, na uchukue seramu mpya (maji ya damu yanayobaki damu ikiganda) takriban wiki 2 na tena wiki 4 baada ya hapo, kwa sababu seramu ya kabla ya damu hiyo haiwezi kukwambia lililotokea baadaye.

Uchukuaji wa sampuli una hatari ambayo kwetu ni kubwa kuliko inavyoandikwa katika vitabu vya nje. Mtoaji na mgonjwa mara nyingi ni ndugu, hivyo wana jina moja la baba na jina moja la babu, na majina yao ya kwanza huweza kutofautiana kwa herufi mbili tu. Usiwatoe damu kwenye meza moja kwa wakati mmoja. Mwombe kila mmoja ataje mwenyewe jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa, andika lebo mbele yake, na upime HLA ya kila mtu mara mbili kwa sampuli zilizochukuliwa siku tofauti. Kwa kazi ya DNA tumia tyubu ya kofia ya zambarau. Ile ya kijani ina heparini, ambayo huvuruga PCR, yaani njia ya kuzidisha nakala za DNA ili zipimike. Seramu ya mgonjwa hutoka katika tyubu ya kofia nyekundu. Damu ya mtoaji itakayotumika kwa krosimachi, kipimo cha kukutanisha seramu ya mgonjwa na chembe za mtoaji, isiwekwe kwenye friji, kwa kuwa unahitaji chembe nyeupe zilizo hai, na ni vyema ifanyiwe kazi ndani ya saa 24.

Kundi la damu hupimwa mapema kwa sababu ni rahisi na lina uamuzi mkubwa: mtoaji wa kundi O anaweza kumpa mtu wa kundi lolote, na alama ya chanya au hasi ya Rh haizuii figo.

Baada ya hapo pima HLA. Jeni zake ziko katika mkono mfupi wa kromosomu ya 6, na mtoto hurithi fungu moja zima kwa baba na jingine kwa mama, hivyo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana mafungu yote mawili, 2 kati ya 4 ya kulingana fungu moja, na 1 kati ya 4 ya kutolingana kabisa. Chora mti wa familia na uyafuate mafungu kwa kalamu. Makosa mengi hujitokeza hapo kabla mashine haijayagundua.

Kutafuta kingamwili katika seramu hufanywa siku hizi kwa shanga ndogo za Luminex, kila moja ikiwa imebeba alama moja ya HLA. Zingatia mambo mawili. Kwanza, seramu yenye kingamwili nyingi sana inaweza kutoa jibu dogo la uongo kwa sababu komplementi, yaani protini za damu zinazosaidia kingamwili kuua chembe, huziba mahali pa kusomea. Itibu kwa EDTA, kemikali inayoizuia komplementi, au uichanganye na maji ya kuipunguza nguvu, kisha upime tena. Pili, Waafrika wana aina nyingi za HLA kuliko watu wa mabara mengine, na si zote zimo katika seti ya shanga uliyonunua. Hakikisha kila aina aliyo nayo mtoaji imo. Isipokuwemo, ukimya wa mashine si jibu.

Krosimachi ndiyo kipimo cha mwisho, na nakusihi usiifanye kwa haraka. Tenga limfosaiti (chembe nyeupe za kinga) za T na za B za mtoaji, zichanganye na seramu ya mgonjwa, ongeza komplementi ya sungura na rangi, kisha uhesabu kwa hadubini chembe zilizokufa. Alama 1 ni kifo kisichozidi asilimia 10, na alama 8 ni zaidi ya asilimia 80. Tumia seramu ya karibuni pamoja na ile ya zamani iliyokuwa kali zaidi. Ikiwa chembe zinakufa hata katika seramu ya kulinganishia isiyo na kingamwili, kazi yote ya siku hiyo ni batili na haina haja ya kutetewa. T na B zikifa pamoja, shuku kingamwili dhidi ya HLA za daraja la kwanza, ambazo ziko kwenye T na B. B zikifa peke yake, huenda ni daraja la pili, ambalo kati ya hizo liko kwenye B, au ni kingamwili dhaifu za daraja la kwanza, au mgonjwa amepewa rituksimabu, dawa inayojishika kwenye chembe za B na kudanganya kipimo. Rudia kwa seramu iliyotibiwa kwa DTT, ambayo huvunja kingamwili za aina ya IgM, zisizo na hatari kubwa kwa figo, kisha kutanisha seramu ya mgonjwa na chembe zake mwenyewe: zikifa na hizo, hasa kwa mwenye ugonjwa wa lupasi, huenda tatizo ni kingamwili zinazoushambulia mwili wake mwenyewe, na mtoaji hahusiki.

Kuna siku majibu ya HLA yatakuonyesha kwamba anayeitwa baba hana fungu hata moja la mtoto. Shuku kwanza tyubu zako, na uombe sampuli mpya. Likithibitika, lipeleke kwa daktari kiongozi wa timu kwa mdomo na faraghani, wala usiliweke katika ripoti inayopita mikononi mwa wengi, kwani familia hiyo ilikuja kutafuta figo. Njia bora zaidi ni fomu ya ridhaa inayoeleza uwezekano huo kabla damu haijatolewa.

Ripoti isainiwe na watu wawili, itaje tarehe ya kila seramu, na ieleze hatari kwa maneno: krosimachi ya T iliyo chanya kwa IgG, aina ya kingamwili iliyo hatari zaidi, inamaanisha mtoaji huyu asitumike kwa sasa, na timu itafute ndugu mwingine au njia ya kupunguza kingamwili. Siku ya upasuaji gawa seramu ya mgonjwa katika vichupa kadhaa na uihifadhi kwenye nyuzi -80, na uhifadhi pia DNA na chembe za mtoaji. Kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, ikipanda baada ya miezi 3, daktari atakuuliza kama kingamwili dhidi ya figo ile ni mpya au zilikuwepo tangu awali, na kichupa hicho ndicho utakachokipima sambamba na damu ya siku hiyo.