Jinsi ya kuitumia asilimia 51: mwongozo kwa mwanachama wa klabu ya mpira

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwanachama wa kawaida, yule anayelipa ada yake, ananunua jezi halisi wakati za bandia zinauzwa kwa nusu ya bei nje ya geti, na anakaa mzunguko, kwenye majukwaa ya bei ya chini ya Uwanja wa Mkapa jijini Dar es Salaam, tangu saa nane mchana ili aione mechi ya saa moja usiku. Mtu huyu huambiwa kila mara kwamba klabu ni mali yake, kwa kuwa hata ikigeuka kampuni wanachama hubaki na asilimia 51 ya hisa. Nataka kumwonyesha namna ya kulifuatilia neno hilo mpaka kwenye karatasi, kwa kuwa siku hizi fedha na siasa zimeingia katika mpira hadi kwenye mkono wa jezi, na mwenye mali asiyejua hati yake imeandikwa nini hana tofauti na mpangaji.

Klabu yangu sitaitaja. Watani wangu wa upande wa pili nawaheshimu, na jambo hili linawahusu wao kama linavyotuhusu sisi.

Anza na kadi. Mwanachama ambaye ada yake imelala hana kura, na wengi hulijua hilo siku ya mkutano mkuu, mlangoni, wakati orodha imeshafungwa. Lipa mapema na utunze risiti. Baada ya hapo itafute katiba, na usitosheke na ile inayozunguka kwenye simu, kwa sababu mara nyingi hiyo ni rasimu, na rasimu hubadilika. Unayoihitaji ni nakala iliyosajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, yenye muhuri. Iombe kwa katibu wa tawi kwa maandishi. Akikuambia haipo, peleka ombi hilo makao makuu, nalo liwe la maandishi pia.

Nasisitiza katiba kwa sababu nililipia uzembe wangu. Miaka kadhaa iliyopita tawi letu lilikutana kwenye kibaraza cha duka la mwenzetu ili kupokea rasimu ya mabadiliko. Tulikuwa kama arobaini, nakala zilikuwa tatu, na msomaji aliyetumwa alizisoma kurasa zile haraka kama mtu anayewahi gari la mwisho. Mzee mmoja, fundi cherehani aliyekuwa mwanachama tangu ujana wake, alinyanyua mkono na kuuliza, "Nembo itabaki kwa nani?" Akajibiwa kwamba hilo litafafanuliwa baadaye. Tuliombwa tunyooshe mikono kuunga mkono, nami nikanyoosha wangu ilhali hata ukurasa mmoja sikuwa nimeusoma kwa macho yangu. Mzee hakunyoosha. Aliikunja miwani yake, akaitia mfukoni na kuondoka. Swali lake ndilo lililonifundisha kusoma.

Sasa tuje kwenye asilimia zenyewe, maana hapa ndipo penye kazi. Serikali, kupitia kanuni za Baraza la Michezo la Taifa, iliweka sharti kwamba klabu ya wanachama inayogeuka kampuni iwaachie wanachama hisa zisizopungua asilimia 51, na wawekezaji wasizidi asilimia 49. Desemba 2017 mfanyabiashara Mohammed Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni ya hisa za Simba kwa shilingi bilioni 20. Kwa upande wa Yanga, wanachama walipitisha mabadiliko yao mwaka 2021, na Julai 2022 wakamchagua Hersi Said kuwa rais wa kwanza chini ya katiba mpya. Siyapingi mabadiliko hayo. Nimeishi zama za kupitisha bakuli ili timu ipate nauli ya kwenda Mwanza, na sizitamani zirudi. Ninachosema ni kwamba 51 ni tarakimu tu mpaka uone imefungwa kwa vifungu gani.

Kwanza tazama bodi. Hesabu ni wajumbe wangapi wanatoka upande wa wanachama, nani anamteua mwenyekiti, na ni nani mwenye kura ya uamuzi pande mbili zikilingana. Wanachama wanaweza kuwa na hisa nyingi huku wakiwa na viti vichache, na maamuzi ya kila siku hufanywa kwenye viti. Kisha tafuta orodha ya mambo yanayohitaji theluthi mbili ya kura, kama vile kuuza mali ya klabu, kukopa, kubadili jina au kuongeza mtaji. Mwenye asilimia 49 anaweza kuzuia chochote kinachohitaji theluthi mbili, na wewe pia unaweza, ikiwa wenzako watasimama pamoja.

Kuongeza mtaji ndiko kunakowapita wengi, kwa hiyo tukupigie hesabu. Tuseme kampuni ina hisa 100, na wanachama wanazo 51. Bodi inaamua kuuza hisa mpya 100 ili ijenge uwanja. Wanachama hawana fedha za kununua, hivyo mwekezaji anazichukua zote. Sasa hisa ni 200, na zile zenu 51 zimekuwa asilimia 25 na nusu, bila mtu yeyote kuwanyang'anya hata moja. Hivyo tafuta kifungu kinachotamka wazi kwamba fungu la wanachama halitapungua hata mtaji ukiongezwa. Kama hakimo, hiyo ndiyo hoja yako ya kwanza.

Jambo la pili ni madeni. Mwekezaji anapolipa mshahara wa kocha au ada ya usajili wa mshambuliaji, uliza fedha hiyo imeandikwa vipi katika hesabu za klabu: ni zawadi, ni malipo ya hisa zake, au ni mkopo ambao siku moja utadaiwa au utageuzwa kuwa hisa? Mashabiki wa Manchester United walilijua jambo hili mwaka 2005, pale familia ya Glazer ilipoinunua klabu kwa takriban pauni milioni 790, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ikawa mkopo uliobebeshwa klabu yenyewe, klabu ambayo hadi hapo haikuwa na deni. Baadhi yao waliona uchungu kiasi cha kuanzisha timu yao, FC United of Manchester, mwaka huohuo.

Halafu kuna lile swali la mzee wetu. Nembo, jina na rangi vinapaswa kuandikwa kuwa ni mali ya wanachama, ambayo kampuni inapewa haki ya kuitumia tu. Anayedhani hilo ni jambo dogo aitazame Cardiff City ya Wales. Mwaka 2012 mmiliki wake, Vincent Tan, aliamua timu iliyovaa bluu kwa zaidi ya miaka mia moja ivae nyekundu, na ikavaa. Mashabiki walipinga kwa miaka miwili na zaidi kabla bluu haijarudi Januari 2015. Fikiri mwenyewe timu yako ikitoka vyumbani siku ya watani wa jadi imevaa rangi ya mtani wako, kwa sababu tu mwenye hisa anaiona ina bahati.

Wajerumani wana mfano unaofaa kusomwa kwa makini. Tangu 1998 wanayo kanuni inayoitwa 50+1, ambayo haiangalii sana nani ana hisa ngapi bali nani ana kura: klabu mama ya wanachama lazima ibaki na nusu ya kura na moja zaidi katika kampuni ya timu. Kanuni hiyo ina mianya. Leverkusen na Wolfsburg ziliruhusiwa kubaki chini ya makampuni yaliyozizaa, na RB Leipzig iliitimiza kwa kuwa na wanachama wachache sana wenye kura. Hata hivyo imewapa mashabiki pa kusimama. Desemba 2023 klabu 36 za madaraja mawili ya juu zilipiga kura ya siri kuhusu kumwingiza mwekezaji katika mapato ya matangazo ya ligi. Zilihitajika kura 24, na zilipatikana 24 kamili. Mara ikaibuka shaka kwamba kiongozi wa klabu moja hakupiga kura kama klabu mama ya wanachama ilivyomwagiza. Kwa majuma kadhaa mashabiki walirusha mipira ya tenisi uwanjani na mechi zikasimama, hadi ligi ilipoachana na mpango huo Februari 2024. Somo ninalolichukua hapo si la mipira ya tenisi. Ni kwamba klabu mama ilikuwa imetoa maagizo kabla ya kura, na ndiyo maana wanachama waliweza kuuliza kura yao ilikwenda wapi.

Kuhusu siasa za nchi, shauri langu ni kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa makusudi. Serikali kuusaidia mpira ni wajibu wake. Rais Samia alipoanza mwaka 2023 kununua kila bao la timu zetu katika mashindano ya Afrika kwa shilingi milioni 5, mpango tulioujua kama Goli la Mama, wachezaji walifurahi, nami nikafurahi nao. Lakini jukwaa la klabu kugeuzwa kuwa la kampeni, au tawi kuombwa litoe tamko la kumuunga mkono mgombea, ni jambo jingine, kwa kuwa kwenye benchi moja la tawi letu wamekaa watu wa vyama vyote na wasio na chama. Ombi la namna hiyo likija, omba kifungu cha katiba kinacholiruhusu. Uliza kwa adabu, na mkutano usikie.

Jua pia mipaka ya Serikali yenyewe. Novemba 2021 Serikali ya Kenya ilivunja uongozi wa shirikisho la mpira kwa tuhuma za ubadhirifu, na Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya kwa sababu Serikali iliingilia uongozi wa mpira. Kifungo kilidumu hadi Novemba mwaka huo, na walioumia ni wachezaji na klabu ambazo hazikuwemo kwenye ugomvi. Kwa hiyo ukiwa na malalamiko dhidi ya uongozi, usikimbilie kwa mkuu wa mkoa. Pita kwenye vyombo vya klabu, kisha kamati za TFF, yaani Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, ukiwa na barua na tarehe za kila hatua.

Siasa nyingine huja kimya, kwa njia ya udhamini. Mwaka 2018 Arsenal ilianza kuvaa maandishi ya Visit Rwanda mkononi, na baadaye PSG ya Ufaransa mwaka 2019 na Bayern ya Ujerumani mwaka 2023 nazo zikasaini mikataba ya kuitangaza Rwanda. Waasi wa M23 walipoiteka Goma Januari 2025, Serikali ya Kongo iliziandikia klabu hizo tatu ikizitaka zivunje mikataba hiyo, kwa kuwa inaituhumu Rwanda kuwaunga mkono waasi, tuhuma ambayo Rwanda inaikanusha. Baadaye mwaka huohuo Kongo nayo ilisaini mikataba yake ya kujitangaza, ukiwemo wa Barcelona. Namfikiria shabiki wa Arsenal aliyeko Goma, ambaye jezi ya timu aliyoipenda tangu utotoni ilimtaka ajibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza kabla ya kulishona. Kwa klabu yako, uliza kabla mkataba haujasainiwa: mdhamini ni nani, anataka nini zaidi ya kifua cha jezi, na je, ni jina tunalotaka mtoto wa darasa la tatu alibebe mgongoni kwenda shule? Kwa kampuni za kubashiri jibu langu ni hapana katika jezi za watoto, na naona tawi lina haki ya kulidai hilo.

Sasa utayapeleka vipi mambo haya mbele? Hoja inayoletwa kwenye kipengele cha mengineyo, saa kumi na moja jioni, wakati watu wanatafuta viatu vyao, husikilizwa tu na haipigiwi kura. Soma katiba ujue ajenda hufungwa siku ngapi kabla ya mkutano mkuu, kisha urudi nyuma mwezi mzima. Ifikishe hoja kwenye kikao cha tawi ikiwa ukurasa mmoja: kifungu kinachohusika, tatizo lake, na maneno mapya unayopendekeza. Tawi likikubali, lipitishe azimio lenye tarehe, idadi ya waliohudhuria na saini ya mwenyekiti na katibu. Tafuta matawi mengine mawili au matatu yapitishe azimio hilohilo kwa maneno yaleyale. Peleka nakala makao makuu kwa mkono, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa mapokezi. Kisha mwagizeni mjumbe wenu kwa maandishi namna ya kupiga kura.

Siku ya mkutano kaa karibu na kipaza sauti, usizomee, na sema kwa dakika mbili. Mkutano ukiisha, omba muhtasari ndani ya mwezi mmoja na uulinganishe na ulichokisikia. Hesabu za mwaka zikitolewa, fungua kwanza ukurasa wa mikopo na madai ya wahusika wa karibu na klabu, utazame kama tarakimu imekua tangu mwaka uliopita. Nakala zote, ile ya katiba yenye muhuri ikiwa juu, zikae kwa katibu wa tawi kwenye faili moja ambalo mwanachama yeyote mwenye kadi hai anaweza kuliomba na kulisoma palepale.