Jinsi ya kujua rais anayeondoka anamtaka nani, na kama ataweza kumpitisha

Kila awamu ikikaribia kuisha watu wanaanza kuulizana mzee anamtaka nani, alafu wengi wanaangalia hotuba na nani kakaa naye karibu kwenye picha. Hizo weka pembeni kwanza.

Anza na kiti cha chama. CCM, chama tawala cha Tanzania, rais anaondoka Ikulu lakini uenyekiti anabaki nao kidogo, Kikwete alimkabidhi Magufuli chama Julai 2016, miezi nane baada ya Magufuli kuapishwa urais, kwa hiyo wakati majina ya wagombea yanachujwa 2015 Kikwete ndo alikuwa mwenyekiti wa vikao. Chukua karatasi uviandike kwa mpangilio: Kamati ya Maadili, Kamati Kuu, Halmashauri Kuu, Mkutano Mkuu. Jinsi kikao kinavyokuwa kidogo ndo mwenyekiti anavyokishika, ukumbi wa watu zaidi ya elfu mbili pale Dodoma huwezi kuushika hivihivi.

Pili rudi nyuma uone nani kapewa adhabu. Februari 2014 CCM iliwafungia watu sita miezi 12 kwa kuanza kampeni mapema, Lowassa, waziri mkuu wa zamani, akiwemo na Membe, waziri wa mambo ya nje wakati huo, akiwemo. Ukiona mambo kama hayo ujue mchujo umeshaanza hata kama fomu bado hazijatoka.

Tatu, na hapa ndo watu wengi wanakosea, tofautisha kukata jina na kubeba mtu mpaka apite. 2015 walirudisha fomu watu 38, Lowassa akiwa na mtandao ambao hakuna wa kuufikia, lakini Kamati Kuu ikabakiza watano na yeye hayumo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu wakatoka hadharani kupinga, Halmashauri Kuu ilipokaa watu wakaimba wana imani na Lowassa, mbele ya mwenyekiti kabisa, na bado jina halikurudi. Sasa angalia upande wa pili, watu wengi waliamini chaguo la Kikwete ni Membe, na Membe aliingia tano bora vizuri tu, lakini Halmashauri Kuu ikapeleka Magufuli, Migiro na Amina Salum Ali. Magufuli akapita kwa asilimia 87. Kwa maoni yangu rais anayeondoka ana nguvu kubwa ya kukata jina, ila ya kubeba mtu mpaka mwisho ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Kenya inaonyesha hilo wazi zaidi. Uhuru alishindwa ubunge Gatundu Kusini 1997, 2001 Moi akamteua mbunge na kisha waziri, 2002 akamtangaza kuwa ndo mrithi. Ukiona mtu anapandishwa haraka namna hiyo ishara iko wazi, lakini jiulize wakubwa waliorukwa wako wangapi. Raila, Saitoti na Kalonzo wakaondoka KANU, chama cha Moi, wakaungana na Kibaki wa upinzani, na Kibaki akapata kama asilimia 62, Uhuru 31. Miaka 20 baadaye Uhuru mwenyewe ndo rais anayeondoka, anamnadi Raila, serikali iko nyuma yake, na Ruto akashinda kwa asilimia 50.49 akichukua kura nyingi za Mlima Kenya, nyumbani kwa Uhuru! Kwa hiyo kabla ya kusema fulani atapita kwa sababu rais anamtaka, angalia kama rais bado anasikilizwa nyumbani kwake.

Mwisho fuatilia waliokatwa wanaelekea wapi. Kama wananung'unika tu ndani ya chama mgombea ataenda vizuri, wakitoka pamoja na watu wao hesabu inabadilika. Lowassa alihamia Chadema, chama cha upinzani, Julai 28, siku 16 tu baada ya Magufuli kupitishwa, akaja kupata karibu asilimia 40 ya kura zote, kwa hiyo hizo wiki mbili tatu baada ya Mkutano Mkuu usizime redio.