Guta la umeme kwa delivari za mjini Dar: lipangie kazi hivi lisikutie hasara

Wakuu, haya maguta ya umeme (yale ya mizigo ya magurudumu matatu) na baiskeli za umeme za mizigo watu wanayauliza kama wanavyouliza kirikuu, ile pikapu ndogo, linabeba kilo ngapi, linakimbia spidi ngapi. Kwa delivari za mjini hayo yanakuja baadaye kabisa. Cha kwanza jiulize utashusha mara ngapi ndani ya eneo dogo kiasi gani, maana hela ya hiki chombo iko kwenye vituo vingi vya karibu karibu, ukilitoa Kariakoo na mzigo wa mtu mmoja mpaka Mbagala bodaboda atakushinda muda na atakushinda bei.

Kwahiyo anza na kugawa mji. Tuseme unachukua mizigo ya maduka ya Kariakoo, basi upande mmoja uwe Upanga, Kisutu na Posta, mwingine Ilala na Buguruni, mwingine Magomeni, Kinondoni mpaka Sinza, afu tripu moja iwe ya upande mmoja tu. Kariakoo mpaka Sinza ni kama kilomita 7 na kwa guta mimi hapo ndo naweka mpaka. Mteja wa Kimara au Makongo mwambie ukweli kwamba atasubiri bodaboda, kule kuna vilima na mlima ukiwa na mzigo unakula chaji vibaya mno.

Magurudumu mawili au matatu? Kama unabeba nguo, vipodozi, vifaa vya simu na chakula chukua baiskeli ya magurudumu mawili yenye keria ndefu, inapenya mtaa wa Kongo hata saa sita mchana na foleni unaipita pembeni. Guta ni la maboksi ya maji, mchele, mafuta, vitu vya dukani, ila kwenye foleni unakaa kama gari. Na njia ya mwendokasi usiijaribu hata iwe tupu, hiyo haikuhusu.

Sasa betri, hapa ndo pa kuweka akili yako yote. Hesabu yake rahisi, zidisha volti kwa ampea-saa (Ah) za betri, unapata wati-saa. Guta la volti 60 na betri za ampea-saa 20 lina wati-saa 1200, yaani wati 1200 za kutumia kwa saa moja. Likiwa na mzigo piga makadirio ya wati-saa 25 kila kilomita, kwenye karatasi unapata kilomita 48. Lakini kama ni zile betri za asidi, zile 5 nzito zinazopangwa chini ya kiti, usizipangie zaidi ya 25 mpaka 30, ukizikausha kila siku ndani ya mwaka tu zinaanza kuchoka na hela ya tripu zote inarudi kununua betri. Lithiamu bei yake inauma mwanzoni ila ni nyepesi, unaitumia karibu yote na inadumu miaka, kwahiyo kama hela haitoshi bora ununue guta la kawaida lenye betri nzuri kuliko guta la kung'aa lenye betri ya mawazo.

Vile vijiti vya chaji kwenye dashibodi pia usiviamini ukiwa unatembea. Ukipanda daraja vinashuka viwili, ukisimama vinarudi, mtu anashangilia eti chaji imeongezeka. Simama dakika chache ndo usome volti, kwa betri za asidi za 60 zikiwa zimejaa utaona 64 hivi, ukiona 61 jua nusu imeshaenda na ni wakati wa kugeuza.

Kuchaji ni usiku, na sio chumbani unapolala. Ukirudi na jua kali iache betri ipoe kwanza. Chaja iwe ya aina ya betri yako, kuazima chaja ya jirani kwasababu tundu limeingia ndo nyumba zinavyoungua. Gharama yenyewe ni kichekesho, Luku ya elfu kumi inatoa uniti kama 28, guta kama hilo likijaa linakula uniti moja na nusu hivi.

Kupakia: mzigo wa mteja wa mwisho unaingia wa kwanza, hilo kila mtu anajua. Wasilojua wengi ni kwamba kama wateja wawili wanakaribiana unaanza na yule wa mzigo mzito, kila kilo unayoshusha mapema ni chaji. Vizito viwe chini na katikati, ukivirundika nyuma kabisa tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani haukusikilizi. Guta halilali kwenye kona kama pikipiki, linapinduka, kwahiyo punguza kabla ya kona sio ndani ya kona. Funga kwa mpira wa tyubu, kamba inalegea barabarani.

Wateja ndo wanaokula muda kuliko foleni. Kabla hujatoka kila oda iwe na alama inayojulikana, rangi ya geti, na namba ya pili ya simu. Nyumba nyingi siku hizi zina kibao cha namba lakini muulize mteja atakwambia "njoo Sinza kwa Remmy utanipigia", sasa ukifika hapokei. Piga ukiwa kituo kimoja nyuma: "Dada, nipo Magomeni nakuja kwako, nikute mtu getini, na muamala uwe tayari." Akisema yupo kwenye kikao mruke, nenda kwa anayefuata, yeye utamrudia mkishaelewana bei ya kurudi.

Masika usipite kwenye maji usiyojua kina chake, Jangwani pakijaa zunguka au lala. Mota ya ndani ya gurudumu inavumilia matope na mvua, ila viunganishi vya waya na kontrola (kile kiboksi kinachoongoza mota) vikizama unalisukuma mpaka nyumbani, na guta lenye betri za asidi kulisukuma uwe na watu watatu.

Na kabla hujalipa muuzaji muulize kontrola, chaja na matairi ya size hiyo yanapatikana wapi hapa mjini. Akikwambia ataagiza China, tafuta muuzaji mwingine.