Kufumua breki na stelingi ya mbele ya Land Cruiser kuukuu: anzia ndani, usianzie kwenye pedi

Kijana mmoja aliniletea Land Cruiser 75, zile za springi za mabamba mbele na nyuma zilizokoma kutengenezwa 1999. "Kaka, breki inavuta kushoto, na nikikanyaga shimo usukani unatetemeka mpaka nisimame. Pedi nimebadilisha mara tatu." Nikavua gurudumu la kulia. Uji mweusi, nusu grisi nusu oili ya difu (gia za katikati ya ekseli), ulikuwa unachuruzika mpaka kwenye diski. Hakuna pedi itakayoshika diski iliyolowa oili, hata ukifunga mpya kila mwezi.

Ndiyo maana naandika mwongozo huu. Kwenye magari haya breki na stelingi ya mbele ni kazi moja. Mwisho wa ekseli kuna tufe la chuma, na nako, yaani kipande kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo ukikata kona, inazunguka juu ya tufe hilo ikiwa imeshikwa na beringi mbili za kingpini (egemeo lake la kugeukia), juu na chini. Ndani ya tufe kuna sivi (CV), jointi inayozungusha gurudumu hata likiwa limekata kona, iliyozama kwenye grisi, na nyuma yake sili moja ndogo, pete ya mpira inayozuia oili ya difu isiingie. Sili hiyo ikifa, breki inakufa. Beringi za kingpini zikilika, usukani unaanza kutetemeka. Vyote viwili viko nyumba moja, kwa hiyo ukishaifungua, maliza kila kitu.

Vifaa

Namna ya kupandisha gari na kuvua gurudumu sielezi. Ila weka stendi chini ya ekseli, maana jeki ni ya kunyanyulia tu. Vumbi la breki usilipulize kwa upepo wala kwa mdomo: pedi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto. Lilowanishe, lifute, tambara litupe.

Tafuta kitabu cha ufundi cha modeli yako, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia), nyundo ya shaba, mizani ya ndoano na soketi ya 54 mm kwa nati ya habu, kitovu cha gurudumu. Hapo kwenye soketi sina mjadala. Najua mafundi wengi wanafungua nati ile kwa tindo na nyundo. Nimefungua habu nyingi zilizopigwa tindo na kukuta vipande vya chuma ndani ya beringi. Kama huna soketi, usianze.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kufungua

Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni za kingpini.

Kisha teremsha gari chini. Mwenzako achezeshe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, wewe ulale chini, kiganja kikiwa kimekumbatia kila jointi kwa zamu: tairodi (fito inayounganisha magurudumu mawili ya mbele), dragi linki (fito inayotoka boksi ya stelingi kwenda kwenye nako), mkono wa boksi ya stelingi. Mkono unahisi mchezo ambao jicho halioni. Andika ulichokuta.

Angalia na kitundu cha kupumulia cha ekseli. Kikiziba, difu ikipata moto hewa inatanuka na kusukuma oili ipite kwenye sili, hata sili mpya. Kizibue leo hii.

Hatua ya 2: Fungua mpaka kwenye nako

Toa kalipa (kibanio cha pedi), ining'inize kwa waya, isining'inie kwa hozi yake. Ipake alama, kushoto au kulia. Sababu utaiona mbele. Toa habu, kisha spindeli (mhimili ambao habu inauzunguka), halafu vuta shafti na sivi yake polepole. Chini weka beseni, maana ule uji utamwagika wote.

Tairodi usiigonge kwenye uzi wake. Legeza nati, iache imeshika nyuzi chache, kisha piga ubavu wa tundu la mkono wa stelingi, pale tairodi inapoingia, kwa nyundo nzito. Pigo mbili tatu kali, inaachia. Uma wa kupigia katikati siupendi, unachana mpira wa jointi. Kabla hujaitoa, pima urefu wa tairodi kutoka kitovu cha jointi hii mpaka kitovu cha ile, uandike ukutani.

Hatua ya 3: Kingpini na shimu

Hapa nenda taratibu. Hatua hii mara ya kwanza ilinila siku mbili, na wiki chache baadaye ikanirudisha chini ya gari.

Nako imeshikwa na mkono wa stelingi upande mmoja na kifuniko cha beringi upande mwingine, kimoja juu kingine chini. Chini ya kila kimoja kuna shimu, vipande vyembamba vya chuma kama karatasi. Jumla viko vifurushi vinne: kushoto juu, kushoto chini, kulia juu, kulia chini. Mimi nilivitia vyote kwenye kopo moja la mafuta ya taa nivisafishe. Vilipotakata sikujua tena kipi kilitoka wapi, nikavigawa kwa kukisia. Nako zilizunguka vizuri, nikaona mambo sawa. Upande wa kushoto ulianza kuvuja tena haujapita hata mwezi.

Sababu ni kwamba shimu zina kazi mbili. Ya kwanza wengi wanaijua: ukipunguza shimu beringi zinabana, ukiongeza zinalegea. Ya pili ndiyo iliyoniponza: mgawanyo wa shimu juu na chini ndio unaoamua nako ikae kimo gani juu ya tufe. Ikikaa juu mno au chini mno, shafti haipiti katikati ya sili ya ndani. Inaegemea upande mmoja, mdomo wa sili unalika, oili inapita. Jumla yangu ilikuwa sawa, mgawanyo ndio haukuwa.

Kwa hiyo: mifuko minne, au makopo manne, na kila moja liandikwe kabla hujafungua nati ya kwanza. Pima unene wa kila kifurushi kwa maikromita, uandike. Ukifungua upande mmoja, umalize na uufunge ndipo uguse wa pili. Kama gari limewahi kufunguliwa na mtu asiyejali na shimu huziamini, kuna kifaa maalumu cha kupimia kitovu cha nako. Kiazime. Kukisia hapa hakusaidii.

Kutoa mkono wenyewe: chini ya nati zake kuna washa zenye umbo la koni, zimejikaza kwenye matundu. Toa nati, kisha gonga mkono wenyewe kwa nyundo ya shaba, karibu na stadi (bolti zisizo na kichwa). Washa zitaruka zenyewe. Usizichokoe kwa bisibisi, utazipasua.

Sasa vikombe vya beringi. Vifute mpaka ving'ae, kisha pitisha ukucha taratibu kuzunguka kikombe. Utahisi vibonde vidogo vilivyopangana, kila kimoja pale rola ilipokaa miaka yote gari likienda mbele moja kwa moja. Vibonde hivyo ndivyo vinavyofanya usukani ugote katikati na gurudumu litetemeke baada ya shimo. Wengi hapo hununua shokabzoba mpya ya stelingi. Mtetemo unapungua, ugonjwa unabaki, na siku shokabzoba ikichoka unarudi na nguvu zaidi. Badilisha beringi pamoja na vikombe vyake, vyote vinne. Beringi mpya kwenye kikombe cha zamani ni kazi bure.

Gonga kikombe kipya kiingie wima, kidogo upande huu, kidogo upande ule, mpaka mlio wa nyundo ubadilike kutoka butu kuwa mkali. Mlio ule ndio unaokuambia kimefika chini.

Rudisha shimu zilezile, funga mkono na kifuniko kwa toki ya kitabu, kisha pima ugumu. Hapo shafti isiwepo, tairodi isiwepo, na zile sili za nje zinazofuta tufe zisiwe zimefungwa, maana zote zinaongeza uzito wa uongo. Tia ndoano ya mizani kwenye tundu la tairodi, vuta huku mizani na mkono wa stelingi vikikutana kwa pembe mraba. Soma namba kwa namna kitabu kinavyosema, nako ikiwa inaanza au ikiwa inatembea. Ile ya kuanzia huwa kubwa zaidi, usizichanganye. Linganisha na kitabu cha modeli yako. Ikiwa ndogo, punguza shimu, ila gawanya upungufu juu na chini ili usikihamishe kitovu. Zungusha nako mara kadhaa kutoka mwisho mpaka mwisho, beringi zikae, upime tena. Namba ya kwanza mara nyingi hubadilika.

Hatua ya 4: Sili ya ndani na sivi

Chomoa sili ya zamani bila kukwaruza nyumba yake. Mpya ipake grisi mdomoni, iingize wima kwa kipande cha bomba chenye kipenyo chake.

Kagua shafti pale sili inapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja, haijalishi ni ya bei gani. Uso wa shafti ukiwa na kutu kidogo tu, usugue kwa msasa laini uliolowa oili, kwa kuzunguka, si kwa kwenda na kurudi.

Sivi inayolia "ka-ka-ka" ukikata kona si lazima uitupe. Ihamishe ya kushoto kwenda kulia na ya kulia kuja kushoto, ili nguvu ianze kupita upande ambao haujalika. Nimefanya hivyo mara nyingi, ikanipa miaka. Yenye ufa, tupa.

Grisi iwe ile nyeusi yenye molibdeni. Sindilia sivi mpaka itokeze upande wa pili, kisha jaza tufe robo tatu.

Kurudisha shafti: mkono mmoja unaisukuma, mwingine unaibeba kwa chini isilalie mdomo wa sili. Izungushe taratibu mpaka meno yashike kwenye difu. Ukiisukuma kwa nguvu, meno yatachana sili uliyoifunga dakika tano zilizopita, na hutajua mpaka uone uji tena.

Hatua ya 5: Habu

Beringi mpya, vikombe vipya, grisi isukumwe kwa kiganja mpaka itokee kati ya rola. Kaza nati ya ndani huku ukizungusha habu, legeza, kaza tena kwa kipimo cha kitabu, hakiki kwa mizani kwenye stadi ya gurudumu. Weka washa ya kufungia, nati ya nje, kunja masikio ya washa.

Hatua ya 6: Kalipa na hozi

Kalipa hizi zina pistoni nne na nusu zake mbili zimeunganishwa kwa bolti. Usizitenganishe. Toa pistoni kwa upepo mdogo ukiwa umeweka kibao katikati, na vidole viwe mbali kabisa. Pistoni iliyochimbwa na kutu pale inapopita kwenye mpira ni ya kubadilisha. Osha kwa mafuta ya breki au spiriti. Petroli, dizeli na grisi ya kawaida zinavimbisha mpira.

Hozi za zamani badilisha bila kuuliza. Zinavimba kwa ndani: mafuta yanapita ukikanyaga, hayarudi ukiachia, gurudumu linabaki limekabwa. Kwa nje hozi inaonekana nzima kabisa.

Diski iliyopungua chini ya unene uliochapwa juu yake au kitabuni usiichonge, ibadilishe.

Hatua ya 7: Tairodi na boksi ya stelingi

Funga jointi mpya kwa urefu ulioandika ukutani. Upande mmoja uzi unakaza kinyume, usiulazimishe. Nati ya taji ikipita tundu la spliti pini, kaza mpaka tundu linalofuata, usirudishe nyuma.

Skrubu ya boksi ya stelingi iguse mwisho kabisa, baada ya jointi zote kuwa sawa. Irekebishe magurudumu yakiwa yameangalia mbele, robo mzunguko kwa robo. Usukani ukianza kuwa mgumu pale katikati, au usiporudi wenyewe baada ya kona, umezidisha. Kisha peleka gari kwenye alaimenti.

Hatua ya 8: Toa upepo

Mafuta ya breki ni DOT 3 au DOT 4, kutoka kopo jipya. Yanafyonza unyevu: DOT 3 mpya inachemka kwa nyuzi 205, ikishanyonya maji inachemka kwa 140. Usichanganye na DOT 5, hiyo ni silikoni.

Anza na gurudumu lililo mbali na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali). Pedali ikanyagwe polepole, na kwenye masta ya zamani isifike sakafuni, kwa sababu huko chini silinda ina kutu na mpira utachanika.

Pedali ikibaki laini kama sponji hata baada ya chupa mbili, tazama nipeli ya kutolea upepo kwenye kalipa za mbele. Lazima iwe juu. Ikiwa chini, umebadilisha kushoto na kulia, na upepo umekaa juu ya nipeli ambako hautatoka kamwe. Zile alama za hatua ya 2 ni za hapa. Kama nipeli ziko sawa, kagua marekebisho ya breki za nyuma kabla hujalaumu masta.

Baada ya hapo

Jaribu kwanza mahali wazi, mwendo wa kutembea, kisha kasi kidogo. Baada ya kilomita 500 kaza tena nati za mikono ya stelingi kwa toki; zikilegea, stadi zinakatika. Papo hapo futa tufe kwa tambara jeupe. Alama nyembamba ya grisi ni sawa. Tambara likirudi na oili nyepesi inayosambaa, sili ya ndani ya upande huo inavuja: ama imechanwa na shafti, ama shimu hazikugawanywa sawa, rudi hatua ya 3 na ya 4.